NGOMA YA JIONI KATIKA UWANJA WA HORSE GUARDS

Mgeni atokaye Afrika ya Mashariki, akifika London katika mwezi wa Juni, hushangazwa kwanza na jua. Nyumbani amezoea kuliona likizama karibu saa ile ile mwaka kucha, na giza likifuata upesi kama pazia lililoangushwa. London mwezi huo jua halizami mpaka imepita saa tatu usiku, na mwanga wake hukawia angani muda mrefu baadaye. Watu wametoka kazini, wamekwisha kula chakula cha jioni, na bado ni kweupe. Ni katika saa hizo, zisizo mchana wala usiku, ambapo maelfu ya watu huonekana wakishika njia ya Whitehall, wengine wamevaa nadhifu kama waendao harusini, wengine wamekunja blanketi na miavuli kwapani, kwenda kusikiliza beni za jeshi zikipiga ngoma ya jioni katika uwanja wa Horse Guards.

Whitehall ni mtaa wa afisi za serikali. Makarani wa vizazi vingi wameandika humo barua na maagizo yaliyovuka bahari, na mambo mengi ya Kenya yaliamuliwa katika mtaa huo mpaka mwaka 1963. Katikati yake, mkabala na jumba liitwalo Banqueting House, lipo jengo la mawe lenye mnara mdogo na saa. Hilo ndilo jengo la Horse Guards, lililochorwa na William Kent na kujengwa katika miaka ya 1750, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Mchana askari wawili wa farasi hukaa mbele yake, kila mmoja katika kibanda chake, pasipo kusema neno wala kutabasamu, na watoto husogea kando ya farasi wapigwe picha.

Chini ya jengo hilo kuna njia ya tao. Kwa desturi ya zamani gari lipitalo katika tao la katikati ni la mfalme au malkia, ama la mtu aliyepewa ruhusa maalumu. Na alama ya ruhusa hiyo ilikuwa kipande cha pembe ya ndovu. Atembeaye kwa miguu hahitaji pembe. Hupita chini ya tao, viatu vyake vikilia juu ya mawe, na mara hujikuta mbele ya uwanja mpana wa changarawe, na ng'ambo yake miti mikubwa ya bustani ya St James's.

UWANJA WENYEWE

Uwanja huu ni mkongwe kuliko jengo lake. Katika karne ya 16, zamani za Mfalme Henry VIII, ulikuwa sehemu ya jumba la kifalme la Whitehall, na hapo mabwana wenye mavazi ya chuma walishindana kwa mikuki juu ya farasi. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1698, lakini uwanja ulibaki. Ndipo hapa, kila mwaka katika mwezi wa Juni, gwaride kubwa la siku rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme au malkia hufanywa. Tena uwanja haukatai mambo mapya: mwaka 1998 ulikuwa na miaka mia tatu tangu moto ule, na mwaka 2012, wakati wa Michezo ya Olimpiki, ulimwagiwa mchanga mwingi, wachezaji wa mpira wa wavu wakacheza hapo kana kwamba wako ufukweni.

Aliye na macho ya kuona atakuta historia imeandikwa kila upande. Saa ya jengo la Horse Guards ina alama nyeusi kwenye tarakimu ya 2, yaani saa nane mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Alama hiyo yakumbusha tarehe 30 Januari 1649, siku Mfalme Charles I alipokatwa kichwa mbele ya Banqueting House kwa amri ya mahakama iliyowekwa na Bunge. Ni jambo la kutafakari kwamba askari wa mfalme hulinda kila siku chini ya saa ionyeshayo wakati mfalme alipouawa na raia zake.

Upande wa bustani wasimama mnara wa ukumbusho wa askari wa Guards waliokufa katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Ulifunguliwa mwaka 1926. Mbele yake wamesimama askari watano wa shaba nyeusi, mmoja kwa kila kikosi: Grenadier, Coldstream, Scots, Irish na Welsh. Mnara huo una makovu ya bomu la vita vya pili, na baadhi ya makovu hayo yaliachwa makusudi yasizibwe. Watazamaji wa ngoma ya jioni hukaa kati ya saa ile yenye alama nyeusi na askari hawa wa shaba.

MAANA YA NGOMA

Jina la Kiingereza la sherehe hii ni Beating Retreat, na jina hilo limewapoteza wengi. Aijuaye maana ya kawaida ya neno la pili hudhani ni habari ya jeshi lililoshindwa na kukimbia. Kumbe maana yake ni nyingine, tena ni ya amani zaidi.

Katika karne ya 17 askari wa kawaida hakuwa na saa mfukoni. Miji mingi ya Ulaya ilizungukwa na kuta, na jeshi lililala ndani ya kuta hizo au katika kambi iliyolindwa. Mchana askari walitawanyika, huyu sokoni, huyu kilabuni, yule kutafuta kuni. Jua lilipokaribia kuzama, wapiga ngoma walitoka na kupita mitaani wakipiga mdundo mmoja uliojulikana na wote. Maagizo ya jeshi la Waingereza ya miaka ya 1690 yataja kazi hiyo. Aliyesikia alijua kwamba siku imekwisha: aache alilokuwa akilifanya, arudi kwa wenzake. Kisha malango yalifungwa na walinzi wa usiku wakawekwa. Aliyechelewa alilala nje, na nje kulikuwa na adui.

Msikilizaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa sana. Wazee walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na katika miji ya Waswahili mbiu ndiyo iliyowakusanya watu kabla ya kuwapo karatasi za matangazo. Ngoma ya askari wa Ulaya ilikuwa na kazi kama hiyo. Ilikuwa sauti ya mkubwa wao, na alfajiri iliwaamsha, vitani iliwaamuru, jioni iliwaita nyumbani. Mengine yote yaonekanayo leo katika uwanja wa Horse Guards, yaani dhahabu, manyoya na farasi, yaliongezwa baadaye juu ya mwito huo mdogo.

BENI ZAINGIA

Watu wamekwisha kukaa juu ya viti vilivyopangwa ngazi kwa ngazi pande tatu za uwanja. Mtu wa jamaa ya kifalme, au mkubwa mwingine, hufika kupokea saluti. Kisha, kutoka upande wa miti, husikika kwanza ngoma bila kuonekana mtu, na miguu ya watazamaji huanza kutikisika yenyewe.

Beni huingia kwa safu, wanamuziki zaidi ya mia mbili pamoja, koti jekundu kwa koti jekundu, na juu ya kila kichwa kofia ndefu ya ngozi ya dubu. Mgeni huwaona wote kuwa sawa, lakini mwenyeji huwatambua kwa vifungo vya koti. Grenadier huvaa vifungo kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne, Welsh vitano vitano. Manyoya ya kofia nayo hutofautiana: ya Grenadier ni meupe, ya Coldstream mekundu, ya Irish ya buluu, ya Welsh meupe yenye kijani katikati, na Scots hawana kabisa. Baba huonekana akimnong'oneza mtoto wake na kumwonyesha kwa kidole, naye mtoto akihesabu vifungo kana kwamba yuko darasani.

Mbele ya wote hutangulia viongozi wenye fimbo ndefu. Katika sherehe za kifalme huvaa majoho ya dhahabu na kofia ndogo za mahameli, na fimbo zao ndizo ziwaambiazo watu mia mbili wageuke wapi na wasimame lini. Hawasemi neno. Fimbo huinuka, na beni zote hukatika sauti kwa mara moja, kama maji yaliyofungwa kwenye mfereji.

Lakini macho ya watoto hufuata farasi wa ngoma. Huyu ni farasi mkubwa mno, wa aina ya wale waliokokota mizigo mashambani, naye hubeba ngoma mbili za fedha, moja kila ubavu. Jozi moja ya ngoma hizo ilitolewa na Mfalme William IV mwaka 1831. Mpigaji hukaa katikati na mikono yake yote miwili ina kazi. Kwa hiyo hatamu hufungwa miguuni mwake, naye humwongoza mnyama kwa miguu huku akipiga kwa mikono. Yapasa farasi huyo afundishwe muda mrefu asiogope ngurumo itokayo mbavuni mwake mwenyewe.

Kupiga pamoja namna hii si jambo lililokuja lenyewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, majeshi ya Waingereza yaliyokuwa Scutari, karibu na Istanbul, yalifanya gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Beni zilipoamriwa kupiga wimbo wa taifa kwa pamoja, kila moja iliupiga kwa namna yake na kwa sauti yake, ikawa aibu mbele ya wageni. Mwaka 1857 shule ya muziki wa jeshi ilifunguliwa katika jumba la Kneller Hall, nje ya London, na ilikaa humo mpaka mwaka 2021. Utaratibu uonekanao leo ulizaliwa katika fedheha ile.

Hata hivyo Waingereza hawakuvumbua peke yao yote wapigayo. Ngoma kubwa na matoazi vilitoka kwa beni za askari wa Sultani wa Uturuki, zilizowavutia sana wafalme wa Ulaya katika karne ya 18. Na katika karne hiyo hiyo watu weusi walikuwa miongoni mwa wapigaji mashuhuri wa jeshi la Waingereza. Kikosi cha 29 kilikuwa na wapiga ngoma weusi tangu mwaka 1759 mpaka mwaka 1843, na beni ya Coldstream Guards nayo ilikuwa nao. Husemwa na wengi kwamba madaha ya mpiga ngoma kubwa, arushapo vijiti juu na kuvikutanisha mbele ya kifua, yalitoka kwao. Majina ya wengi wao hayajulikani sana, lakini mikono yao bado yaonekana katika mikono ya wengine.

WASIORUDI

Mtu aweza kuwatazama wanamuziki hawa na kudhani kwamba wao ni pambo tu la jeshi. Walakini hao ni askari, na katika vita wengi wao huweka tarumbeta chini na kubeba machela za majeruhi. Tena kifo kimewahi kuwafuata hata penye muziki wenyewe.

Ng'ambo ya bustani ya St James's, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani, lipo kanisa dogo la askari wa Guards. Asubuhi ya Jumapili tarehe 18 Juni 1944, watu wakiwa katika ibada, bomu la Wajerumani lirukalo bila rubani lilianguka juu ya paa. Watu 121 walikufa, askari na raia pamoja, akiwamo James Causley Windram, mkuu wa muziki wa Coldstream Guards.

Tarehe 20 Julai 1982 mabomu mawili ya IRA, jeshi la siri lililopigana kuuondoa utawala wa Waingereza katika Ireland ya Kaskazini, yalilipuka London siku moja. La kwanza liliwapata askari wa farasi katika Hyde Park, wakiwa njiani kwenda Horse Guards kubadilisha zamu. Wanne walikufa na farasi saba pamoja nao. Mpaka leo askari wa farasi wapitapo mahali hapo hutoa heshima kwa panga zao. La pili lilikuwa limefichwa chini ya jukwaa katika Regent's Park, ambako beni ya Royal Green Jackets ilikuwa ikiwaburudisha watu wakati wa chakula cha mchana. Wanamuziki saba waliuawa, na vyombo vyao vikatawanyika juu ya majani.

Kisha, tarehe 22 Septemba 1989, bomu jingine la IRA lilibomoa nyumba ya wanamuziki katika shule ya muziki ya Royal Marines, mjini Deal, pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Kumi na mmoja walikufa. Juma moja baadaye wenzao walitoka kupita katika mitaa ya mji huo huku wakipiga. Watu walijaa kando ya njia, nao waliona jambo ambalo wengi hawakulisahau: katika safu za beni mlikuwa na nafasi tupu. Kila aliyeuawa au kulazwa hospitali aliachiwa mahali pake, na walio hai waliendelea mbele bila kulijaza pengo, wakitunza umbali kana kwamba mwenzao yupo kati yao.

Ajuaye habari hiyo husikia kitu kingine katika ngoma ya jioni. Mdundo ulioitwa kwanza ili askari warudi kambini ulikuwa na swali ndani yake: je, wote wamekuja? Beni ya Deal ililijibu swali hilo kwa ukweli mtupu, mbele ya watu wote.

MUZIKI HUO NA WASWAHILI

Afrika ya Mashariki nayo ilisikia beni hizi, tena haikukaa kusikiliza tu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa miji ya pwani waliotazama magwaride ya askari na mabaharia waliunda vyama vyao vya ngoma, wakaviita beni. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, na Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti. Walivaa sare, wakapeana vyeo vya jenerali na mfalme, wakashindana kwa tarumbeta, kwa nyimbo na kwa karamu. Baadhi ya wakubwa wa serikali walicheka, wengine wakaingiwa na shaka, kwa maana waliona watu waliotawaliwa wakijipanga wenyewe kwa utaratibu mzuri usiotoka afisini.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua beni mbali zaidi, pamoja na askari wa King's African Rifles na wapagazi wa kikosi ambacho jina lake lingali katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi wengi sana hawakurudi. Maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi. Waliorudi walikuja na ngoma, na huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, watu wakaanza kucheza mganda. Unguja mpaka leo beni hupita mitaani katika harusi, na akina mama hucheka hata machozi. Pengine mchezaji hajui kwamba hatua achezayo ilipita katika njia za wapagazi.

JUA LAZAMA

Katika uwanja wa Horse Guards kivuli cha miti kimekwisha kufika kwenye ukuta wa jengo. Zumari za Waskoti zimepigwa, nyimbo za furaha zimepigwa, na mara nyingine hata mizinga hulipuliwa na farasi wa polisi wakastuka. Sasa beni zimesimama kimya. Yule mtoto aliyekuwa akihesabu vifungo amelala begani mwa baba yake.

Baragumu moja hulia. Wimbo wake ni mfupi, hupanda kidogo na kushuka, na maelfu ya watu husimama bila kuambiwa. Hakuna anayekohoa. Sauti yapita juu ya askari watano wa shaba, yapita juu ya saa yenye alama nyeusi, yaenda kupotelea upande wa mto. Kisha fimbo huinuka, ngoma huanza tena, na beni hugeuka na kuondoka kwa safu, mpaka mdundo hausikiki.

Watu hukunja blanketi zao na kutafuta njia ya kwenda stesheni. Mgeni wa Afrika ya Mashariki, apitapo tena chini ya lile tao, huenda akakumbuka neno la mabaharia wa kwao, kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Askari wa karne ya 17 aliposikia ngoma alijua kwamba mahali pake pako, na mtu atahesabu kama amefika. Hiyo ndiyo heshima iliyomo katika ngoma ya jioni, kwa aliyerudi, na kwa yule ambaye nafasi yake imeachwa wazi katika safu.